Nililipa miezi 8, deni likabaki palepale

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu mwandishi wa makala ya fedha ya wiki iliyopita, ile iliyozungumzia mikopo ya haraka inayolipwa siku ya mshahara, hii ambayo sisi wenye kuumia nayo tunaiita kausha damu. Aliwashauri watu ambao majina yao yameharibika kwenye kumbukumbu za wakopaji kwamba kwanza wasafishe jina, kisha waende benki wachukue mkopo mmoja mkubwa, wailipe ile midogo yote, wabaki na deni moja. Nimeisoma makala hiyo mara mbili. Mwezi uliopita nimemaliza kulipa madeni ya aina hiyo baada ya miaka 2 kamili, na ninaona mwandishi ameanzia mwisho. Mwenye madeni akianza kuhangaika na jina, ada zitamla wakati jina bado halijasafishika.

Ninafanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Mshahara wetu unaingia tarehe 28. Mkopo wa kwanza niliuchukua tarehe 11, mwezi ambao mwanangu mdogo alilazwa na bima ikakataa kulipia sehemu ya matibabu. Nilihitaji fedha inayofikia robo ya mshahara wangu. Benki nisingeweza kwenda, kwa sababu miaka 3 nyuma nilimdhamini mtu, akaacha kulipa, na doa likakaa kwenye jina langu. Basi nikaenda pale ambapo hawaulizi habari za nyuma. Walitaka vitu viwili tu: karatasi ya mshahara, na sahihi yangu kuwaruhusu kukata moja kwa moja kwenye akaunti. Baada ya dakika 20 fedha ilikuwa mkononi. Kijana aliyenihudumia aliniambia ada ni 20 kwa kila 100. Mtoto akiwa wodini, 20 kwa 100 si neno la kumshtua mtu. Sikuuliza hiyo 20 ni ya muda gani. Ilikuwa ya siku 17.

Tarehe 26 simu ikaita. Binti mwenye sauti ya upole akaniambia, "Mama, kama mwezi ni mgumu, unaweza kulipa ada peke yake, mkopo tukausogeza hadi mwezi ujao." Nilimshukuru. Nakumbuka kabisa kwamba nilimshukuru na nikamwombea baraka. Mwezi uliofuata akapiga tena, na uliofuata tena. Nikasogeza mara ya pili, ya tatu, ya nne. Kila tarehe 28 ada inaondoka na mimi najihesabu kuwa ni mlipaji mzuri, maana sijachelewa hata siku moja.

Aliyenifumbua macho ni binti yangu wa sekondari. Jioni moja alikuwa anafanya hesabu za asilimia mezani, nami nimekaa pembeni na daftari ninaloandikia matumizi ya nyumba. Akalivuta, akapitisha kidole kwenye mistari ya kila tarehe 28, akaanza kujumlisha kwa penseli pembeni. Kwa kila 100 niliyokopa nilikuwa nimeshalipa 160. Akaniuliza, "Sasa mama, hii mia yenyewe imepungua wapi?" Nikatafuta pa kumwonyesha, sikupata. Ilikuwa haijapungua popote. Nimelipa miezi 8, na ningetaka kumaliza siku ile, ningedaiwa 100 ileile niliyoichukua siku ya kwanza. Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Mimi nilikuwa nakunywa dawa kila mwezi na ugonjwa uko vilevile, kwa sababu nilichokuwa nalipa kilikuwa bei ya kungojewa. Deni lenyewe sikuwa nimeligusa.

Ni hapo, Mhariri, ambapo makala yako ilipaswa kuanzia. Ada ya 20 kwa 100 kila mwezi ni 240 kwa 100 kwa mwaka. Wale wanaotoza 15 kwa 100 kwa wiki mbili, ambao tangazo lao linaonekana la huruma zaidi, wanakaribia 400 kwa 100 kwa mwaka, maana mwaka una vipindi 26 vya wiki mbili mbili. Mtu akitajiwa namba hiyo dirishani ataomba dakika ya kufikiri. Akitajiwa "20 tu" atatia sahihi.

Wapo waliokwisha kuliona jambo hili na kulifunga kwa sheria. Uingereza, tangu Januari 2015, mamlaka yao ya kusimamia masoko ya fedha, FCA, imeweka kikomo: mkopo wa namna hii hautozwi zaidi ya asilimia 0.8 kwa siku, na ada na riba zote zikijumlishwa haziruhusiwi kuzidi kiasi alichokopa mtu. Niliposoma kanuni hiyo nilirudi kwenye daftari langu. Kwa kipimo chao, malipo yangu ya tano ndiyo yangekuwa ya mwisho kwa ada. Ya sita, ya saba na ya nane yangelazimika kupunguza mkopo wenyewe. Marekani nayo ina sheria ya mwaka 2006 inayowakinga wanajeshi walio kazini na wategemezi wao wasitozwe zaidi ya asilimia 36 kwa mwaka. Serikali iliona kwamba askari akikaushwa damu hawezi kulinda nchi. Najiuliza kuhusu anayefua shuka za wagonjwa.

Turudi kwangu. Kufikia jioni ile ya daftari sikuwa tena na mkopo mmoja. Ada ilipoanza kunipunguzia kodi ya nyumba, nikachukua mkopo wa pili mahali pengine. Wa tatu nikauchukua kwenye simu saa 4 usiku. Wa nne ulikuwa wa kulipia ada za ile mingine. Huku ndiko kufukia shimo kwa kuchimba jingine. Nitazitaja hesabu zake kwa kipimo cha mshahara, ili kila msomaji apime kwa mshahara wake. Chukua mshahara wangu kuwa 100. Nilidaiwa 25 kwa wa kwanza, 30 kwa wa pili, 15 kwa ule wa simu, 20 kwa wa nne. Jumla 90. Ada za kila mwezi: 5, 6, 4 na nusu, na 5. Yaani kila tarehe 28, kabla sijanunua chochote, 20 na nusu imekwenda, na tisini yangu inanisubiri imekaa.

Kilichoniuma zaidi ya hesabu ni ile sahihi ya kukata kwenye akaunti. Mwezi mmoja mshahara ulichelewa siku 2. Saa 9 usiku simu ikatetemeka chini ya mto: makato yameshindikana. Baada ya dakika chache, tena. Kabla ya alfajiri, mara ya tatu. Na kila yaliposhindikana benki ilinitoza faini yake, faini 3 kwa usiku mmoja, kwa akaunti isiyo na kitu. Asubuhi yake mkopeshaji akampigia msimamizi wangu kazini. Nilikuwa nakunja shuka aliponiita pembeni. Hakunigombeza, aliniuliza tu kwa sauti ya chini kama nina matatizo, na mimi niliyefanya naye kazi miaka 11 nikashindwa kumtazama usoni. Kenya kanuni za mwaka 2022 za wakopeshaji wa kidijitali zimekataza vitisho, na zimekataza kuingia kwenye orodha ya namba za mkopaji ili kuwatumia watu wake ujumbe. Natamani kanuni hiyo ipigiwe tarumbeta kila mahali, kwa sababu aibu ndiyo dhamana halisi ya mikopo hii. Hawashiki nyumba wala shamba. Wanashika uso wako.

Sasa nieleze nilivyotoka, kwa mpangilio uleule nilioufuata.

Jambo la kwanza nililokataa ni kusogeza. Wiki moja kabla ya tarehe 28 niliwaandikia wote wanne. Ule wa simu hauna mtu wa kuongea naye, una ujumbe tu, lakini nao niliuandikia. Barua ilikuwa fupi, na naiweka hapa ili mwenye shida ainakili: "Nakiri kwamba nadaiwa. Nitalipa deni lote. Sitalipa tena ada ya kuongeza muda. Naomba ada zisimamishwe kuanzia leo na salio ligawanywe kwa miezi 6. Naomba mnijibu kwa maandishi." Haina matusi, haina kulia. Nilibaki na nakala ya kila moja na tarehe niliyoipeleka.

Wa kwanza walikataa kwa simu, nikaomba kuongea na mkubwa wao, na yule mkubwa akakubali miezi 6 ndani ya dakika 10. Mkopeshaji anajua kwamba mtu aliyekwama kabisa hatampa kitu. Anayekuja mwenyewe kabla ya siku kufika ana thamani kwake, na nguvu hiyo mdaiwa huwa haijui kama anayo. Wa nne walinizungusha mpaka nilipopeleka barua ya pili yenye nakala kwa mamlaka inayowapa leseni. Nao wakakubali miezi 5. Wa pili walikataa katakata.

Tazama kilichotokea kwenye hesabu. Kwa mkopo wa kwanza nilikuwa nalipa ada 5 kila mwezi na deni halisogei. Kwa makubaliano mapya, 25 ikigawanywa kwa 6, nililipa 4 na kidogo kila mwezi, na baada ya miezi 6 deni likafa. Kwa wa nne nililipa 4 badala ya 5. Yaani fedha ya kumaliza deni ilikuwa ndogo kuliko fedha ya kulitunza. Nilipoliona hilo nililia, na binti yangu akadhani nimepatwa na jambo baya. Wako watu wengi leo hii wanaosema hawana uwezo wa kulipa deni lao, na kila mwezi wanalipa zaidi ya kile ambacho kingelimaliza.

Jambo la pili lilikuwa kuifuta ile sahihi. Nilikwenda benki na barua ya kuondoa idhini ya makato ya hao wakopeshaji, nikapigiwa muhuri kwenye nakala yangu, na nakala nyingine nikazipeleka kwa wakopeshaji wenyewe siku ileile. Hilo halifuti deni, na asije mtu akadhani ni njia ya kukimbia. Linachofanya ni kurudisha mshahara mikononi mwako, kodi ya nyumba na nauli vikatoka kwanza, kisha ukalipa kwa mkono wako mwenyewe kile mlichokubaliana. Baada ya hapo usiku nililala.

Ule wa simu, wa 15, ndio uliokuwa mdogo na ndio uliokuwa ghali kuliko yote, ada yake ilifika 30 kwa 100. Nikaamua uanze kufa huo. Niliuza cherehani yangu ya umeme, niliyokuwa nikishonea siku za mapumziko. Aliyeinunua alikuja na mkokoteni, nikamsaidia kuibeba hadi nje, nikamwonyesha pedali inavyobanwa ili uzi usikatike. Siku ileile nililipa, nikafuta ile programu kwenye simu. Sitasema haikuniuma.

Ukabaki mkopo wa pili, ule wa 30 uliokataa mazungumzo. Na hapa nakubaliana na mwandishi wako kwa sehemu: upo wakati mkopo unaweza kulipa mkopo. Lakini kwa masharti. Uwe na gharama ndogo zaidi ukihesabiwa kwa mwaka. Kila malipo yapunguze deni lenyewe. Na siku unapoupokea, ule wa zamani ufungwe siku hiyohiyo, usibakize hata shilingi ya matumizi, maana ukibakiza utakuwa umeongeza deni la tano. Mkopo wa namna hiyo sikuupata benki. Nilikwenda, karani akaandika namba yangu ya kitambulisho, akatazama kioo chake, akatikisa kichwa. Niliupata kwenye ushirika wa akiba na mikopo wa wafanyakazi. Kazini wenzangu walikuwemo miaka yote na mimi nilikuwa naupita mlangoni kwa kuona wenye madeni hawaruhusiwi. Hawakuuliza sana habari za jina langu. Waliuliza kama naweza kuweka akiba kidogo kwa miezi 3 mfululizo, na nani atanidhamini. Msimamizi wangu, yuleyule aliyepigiwa simu, alitia sahihi ya kwanza.

Ile miezi 3 niliendelea kumlipa mkopeshaji wa pili ada ya 6 kila mwezi, na kila nilipoitoa nilihisi nachuniwa. Mwezi wa nne nikachukua 30 kutoka ushirika, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka kwenye salio linalopungua, miezi 12. Nikaenda siku ileile kumfunga yule. Malipo yangu ushirika hayakufika hata 3 kwa mwezi. Kumbuka nilikuwa nalipa 6 kwa kusimama mahali pamoja. Nimeona kwamba huko Marekani vyama vya ushirika wa akiba na mikopo vyenye leseni ya serikali kuu vimeruhusiwa tangu mwaka 2010 kutoa mikopo midogo ya kuwaokoa watu na hii ya siku ya mshahara, riba isiyozidi asilimia 28 kwa mwaka, na haviruhusiwi kuusogeza mkopo huo. Waliotunga sharti hilo la mwisho wanaujua ugonjwa ulipo.

Kuhusu jina, nililishughulikia mwisho, na naomba mwandishi wako anielewe kwa nini. Mwezi wa 7 wa mateso yangu nilikuwa nimeanza na jina, kama anavyoshauri. Nilimpata mtu aliyedai anaweza kulisafisha kwa wiki mbili, akataka malipo kwanza. Nikampa. Namba yake haikupatikana tena. Mtu yeyote anayetaka fedha mbele ili akufutie kumbukumbu ya kweli ni mwizi, kwa sababu kumbukumbu ya kweli haifutwi kwa fedha. Inazeeka. Uingereza malipo uliyoyakosa hukaa kwenye taarifa zako miaka 6, Marekani miaka 7, na kila nchi ina muda wake. Kinachoweza kuondolewa ni uongo. Nilipomaliza mikopo mitatu niliomba nakala ya taarifa zangu mwenyewe, nikaisoma mstari kwa mstari na binti yangu. Lile deni la udhamini lilikuwa limeandikwa mara mbili kana kwamba ni madeni mawili, na mkopo wa kwanza, niliokwisha kuumaliza, ulikuwa bado umeandikwa kuwa unadaiwa. Niliandika malalamiko, nikaambatisha risiti na ile barua ya makubaliano, na ndani ya mwezi mmoja yote mawili yakarekebishwa. Bila zile risiti ningekuwa na maneno matupu. Ndiyo maana jina linakuja baada ya kulipa: huwezi kurekebisha taarifa za deni ambalo bado linaendelea kukua.

Mhariri, ninalo ombi moja kwako wewe mwenyewe. Ukurasa uleule uliobeba makala ile, chini kulia, ulibeba tangazo: fedha ndani ya dakika 20, hatuangalii historia. Najua gazeti linaishi kwa matangazo. Naomba tu kila tangazo la mkopo utakalolichapa lionyeshe, kwa herufi zinazosomeka, ada hiyo ni kiasi gani kwa mwaka, na mkopaji akisogeza mara moja, mara tatu, mara nane, atakuwa amelipa nini na atakuwa anadaiwa nini. Mistari miwili inatosha. Mimi ningeisoma hata siku ile nikitoka wodini.

Nimeandika haya kwa sababu Jumatatu mwenzangu mmoja wa zamu alinifuata kwenye mashine za kukaushia, akafunga mlango, akaniambia anayo mitatu. Nimemwazima daftari langu aone mistari ya penseli ilivyopangwa. Jana baada ya kazi tumekaa tukaandika barua zake zote tatu, naye amezipeleka leo asubuhi, siku 9 kabla ya tarehe 28.

Wako,
Mama wa watoto wawili, chumba cha kufulia
(Jina na anwani nimekuletea, naomba usivichape.)